Tuliifuata Bahari, Tukakuta Haipo

Mume wangu aliiona Bahari ya Hindi kwa mara ya kwanza akiwa amevaa fulana ya kuzuia risasi. Ilikuwa mwaka 2022, mjini Mogadishu, katika kambi iliyo karibu na uwanja wa ndege, alipokuwa akingoja pamoja na wenzake ndege ya kuwapeleka bara kwenye zamu yao. Uwanja ule umejengwa pembezoni kabisa mwa maji. Kwa siku tisa aliitazama bahari juu ya magunia ya mchanga, na kwa siku zote hizo hakuruhusiwa kuikaribia. Aliporudi Gitega mwaka uliofuata hakunisimulia mengi ya huko, na akina mama wenzangu wenye waume jeshini wanajua kwamba mambo hayo hayaulizwi. Lakini habari ya bahari aliirudia mara kwa mara. "Mama watoto," alikuwa akiniambia, "iko siku nitakupeleka kwenye maji yale yale, upande usio na magunia."

Ahadi ya namna hiyo haisahauliki upesi, wala si rahisi kuitimiza kwa mshahara wa kila mwezi.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 wifi yangu alikuja kutoka Muyinga pamoja na mumewe, ambaye ni polisi, kutusalimia. Sisi tulikuwa tumekwisha kuezeka nyumba kwa fedha za Somalia na kulipa karo za watoto, na kilichobaki kilikuwa kidogo. Wifi naye alikuwa amepokea zamu yake katika kikundi chao cha kuweka akiba. Mume wangu akaitoa tena habari ya bahari. Shemeji akasema yeye naye hajapata kuiona, ijapokuwa Muyinga ndiyo mlango wa kuiendea, kwani malori mengi yatokayo Dar es Salaam hupitia Kobero na kupita mbele ya macho yake kila siku ya kazi. Tukakubaliana hapo hapo, kabla chai haijapoa, kwamba familia zote mbili, watu wazima wanne na watoto watano, twende Unguja mwezi wa Aprili, wakati wa likizo ya watoto.

Tulichagua Unguja kwa sababu ya lugha. Watoto wetu wanafundishwa Kiswahili shuleni, na mwalimu wao aliwaambia kuwa Kiswahili sanifu kilitokana na Kiunguja. Kijana wangu wa pili alitaka kwenda kusikia kama wenyewe wanakosea.

Shemeji ndiye aliyetafuta hoteli. Huko Muyinga yuko kijana mmoja afanyaye biashara kati ya Kobero na Kahama, naye alikuwa na picha katika simu yake: nyumba nyeupe zenye mapaa ya makuti, bwawa la kuogelea, na maji ya buluu yakigusa ngazi za chini. Bei ilikuwa shilingi 65,000 za Tanzania kwa chumba kwa usiku mmoja, chakula ndani yake. Hatua kumi kutoka ufukweni, alisema. Tulihitaji vyumba vitatu kwa siku saba. Nusu ya malipo ikatangulia kwa njia ya simu, kupitia mkononi mwa kijana yule.

Hatukuuliza hata swali moja. Mimi ambaye sokoni naweza kubishana robo saa kwa ajili ya kibaba cha maharage, sikuuliza kwa nini hoteli ya namna ile ni rahisi kiasi kile.

NJIANI

Ndugu msomaji, hesabu ya safari huanza kabla ya nauli. Nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na raia wa nchi yetu hatozwi viza ya kuingia Tanzania. Hata hivyo hati ya kusafiria inatakiwa, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano pia. Kwa watu tisa, hati na chanjo zilikula fungu kubwa kuliko tulivyokisia. Petroli nayo ilikuwa haba siku zile, kwa hiyo hata kutoka Gitega kupitia Karusi hadi Muyinga tulilipa zaidi ya kawaida na kungojea gari tangu alfajiri hadi adhuhuri.

Tulilala kwa wifi. Asubuhi tukavuka Kobero, na hapo ukapotea muda wa saa moja, kwani saa za Tanzania ziko mbele ya zetu. Mume wangu aliirekebisha saa yake papo hapo, ndivyo walivyo askari. Mimi sikuigusa yangu, nikaona ni jambo dogo.

Kutoka mpakani hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200: Ngara, Nyakanazi, Kahama, Nzega, Singida, Dodoma, Morogoro. Sitaeleza kilomita hizo zote. Nitasema tu kwamba mtoto mdogo wa wifi alitapika katika mikoa mitatu, na kwamba mvua haikutuacha tangu Singida. Sisi tunaotoka kwenye milima tulidhani mvua ni ya kwetu, na kwamba huko pwani ni jua siku zote, kama katika ile picha.

Boti ya mwendo wa kasi ilituvusha kwa muda wa saa mbili hivi. Kutoka mjini Unguja tukapanda gari hadi pwani ya mashariki, tukapita msitu wa Jozani wenye kima punju, lakini giza lilikuwa limekwisha kuingia na hatukumwona hata mmoja. Tulifika saa tatu ya usiku, mvua ikinyesha. Mlinzi alitufungulia lango akiwa na mwavuli, akatuambia kwamba mpishi yuko likizoni.

ASUBUHI YA KWANZA

Tangu nimfahamu, mume wangu hajapata kulala hadi jua likawa juu. Siku ile alilala. Alipoamka mvua ilikuwa imekatika, naye akatoka mbio bila hata kunawa uso. Mimi nikawatayarisha watoto polepole na kuwapeleka kwenye chakula cha asubuhi saa tatu u nusu. Ilikuwa saa tatu u nusu ya Gitega. Hapo hotelini ilikuwa saa nne u nusu, na meza zilikuwa zimekwisha kufutwa.

Nilikuwa bado nikimsihi mtumishi atupatie japo mkate, mara mume wangu akatokea, suruali ameikunja hadi magotini, miguu mikavu.

"Haipo," akasema.

"Haipo nini?"

"Bahari."

Tulitoka sote kwenda kutazama. Kwanza zile hatua kumi zilikuwa ni mwendo wa kuvuka barabara na kupita kati ya hoteli mbili nyingine. Binti yangu alihesabu hatua 614. Kisha ufukwe ukatufungukia, mchanga mweupe kama unga, na mbele ya mchanga hapakuwa na maji. Palikuwa na tope jeupe, vidimbwi, majani ya bahari yaliyolala kama nywele zilizolowa, na ngalawa mbili zilizoegemea ubavu kama ng'ombe waliochoka. Mbali sana, pengine kilomita moja na zaidi, ulionekana mstari mweupe wa mawimbi yakivunjika juu ya mwamba.

Watoto hawakulia. Walitutazama sisi wazazi, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Ziwa Tanganyika, tunalolijua, halina tabia hiyo. Ukienda Rumonge au Nyanza-Lac, maji unayoyaacha asubuhi utayakuta jioni mahali pale pale. Utakachochunga ni viboko na mamba. Nilisikia aibu kwa ajili ya mume wangu, nikajaribu kuificha, naye akaiona.

Hotelini mambo yalikuwa yale ambayo msomaji amekwisha kuyakisia. Bwawa lilikuwa na maji ya kijani na vyura. Chandarua cha watoto kilikuwa na tundu la kupitisha kuku. Paa la makuti lilivuja juu ya kitanda chetu, na usiku wa pili tulisogeza kitanda mara tatu. Maji ya bomba yalikuwa na chumvi, sabuni haitoi povu, na nguo nilizofua zilikauka zikiwa ngumu kama magome. Hilo la chumvi nilikuja kuelewa kwamba si kosa la hoteli peke yake: upande ule wa kisiwa ardhi ni jiwe la matumbawe, na maji ya bahari hupenya hadi kwenye visima.

Chakula ndicho kilichotuumiza. Katika bei yetu kilikuwamo cha asubuhi tu. Mchana na usiku ilitupasa kununua, na sahani moja ya wali na samaki ilikuwa shilingi 25,000. Zidisha kwa tisa. Kuanzia siku ya pili mimi na wifi tulikwenda kijijini kununua chapati, maharage ya nazi na samaki wa kukaanga kwa akina mama wa pale, na kusema kweli chakula kile kilikuwa kitamu kuliko cha mapokezi wangalituletea.

Siku hiyo hiyo shemeji alikwenda mapokezini kudai haki. Meneja, mtu mpole mwenye macho mekundu ya usingizi, alifungua daftari lake. Bei iliyoandikwa mbele ya jina letu ilikuwa shilingi 50,000 kwa chumba. Zile 15,000 za kila usiku zilikuwa zimebaki Muyinga, katika mfuko wa yule kijana. Wala hakuwa na risiti yetu, wala sisi hatukuwa nayo. Shemeji, ambaye kazi yake ni kuwauliza watu maswali mpakani, alisimama pale kimya. Jioni hakula. Mume wangu alisema neno moja kali juu ya watu wanaopewa fedha za wenzao, na wifi akalijibu kwa ajili ya mumewe, na ndugu hawa wawili waliozaliwa tumbo moja wakapitisha siku nzima bila kusalimiana. Watoto wa pande zote mbili wakaanza kukaa mbalimbali mezani.

MAELEZO YA MAMA WA MWANI

Aliyetutoa katika hali ile hakuwa wa hoteli. Asubuhi ya tatu wifi, ambaye hawezi kukaa bure, alishuka ufukweni peke yake, akaona akina mama wakitembea kwenda mbali kwenye tope, wamejifunga kanga juu ya magoti, wengine wamebeba magunia na kamba. Akawafuata. Mimi nikamfuata yeye pamoja na watoto. Tukamwamkia mama mmoja wa makamo, naye akatuitikia marahaba na kutuuliza kwanza kabisa tumevaa nini miguuni, kwa kuwa mle majini wamo shokomzoba, na mwiba wake ukiingia haukumbuki kutoka.

Tulipomweleza kuwa tumekuja kutoka Burundi kuiona bahari na tumekuta imekwenda zake, alicheka hadi akashika kiuno.

"Haikwenda pahala," akatuambia. "Imekupwa. Hizi ni siku za bamvua. Rudini alasiri muione."

Kisha akatufundisha akiwa anafanya kazi, akifunga vipande vya mwani katika kamba iliyowambwa kati ya vijiti. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kidogo kuliko jana, kiasi cha dakika hamsini hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mwezi na jua huvuta pamoja, na hapo ndipo kuna bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana. Unguja, kati ya kujaa na kupwa kwa bamvua, tofauti hufika kama mita 4 za kwenda juu. Pwani ya mashariki ni bapa, kwa hiyo mita hizo 4 za kina huwa ni mwendo mrefu sana wa miguu. Na katika siku za bamvua maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, yaani wakati ule ule ambapo mgeni amekwisha kula na kuvaa nguo za kuogelea. Katika wiki ya katikati, mwezi unapokuwa nusu, huwa ni maji mafu. Hayaendi mbali, na mchana huyakuta karibu.

Sisi tulikuwa tumefika katika wiki ya mwezi mpevu.

Kilichonigusa ni kwamba siku zile tulizozilaani ndizo siku zao za kazi. Bila bamvua hawawezi kuyafikia mashamba yao. Kilimo cha mwani wa kuuza nje kilianza huku mwaka 1989, Paje na Jambiani zikiwa za mwanzo, na wakulima wake wengi ni wanawake. Mche hufungwa kwenye kamba, baada ya wiki sita hivi huvunwa, hukaushwa juu ya mchanga na kuuzwa kwa wanunuzi, ambao huupeleka ng'ambo ukatumika kuzitia uzito dawa za meno, vipodozi na vyakula. Aina yenye bei nzuri zaidi, kotoni, siku hizi hufa kwa sababu maji ya kina kifupi yamezidi kuwa moto. Inabaki ile ya bei ndogo. Wifi, ambaye ni mkulima, aliuliza bei ya kilo moja, akaisikia, akanyamaza, kisha akainama na kumsaidia mama yule kufunga kamba mbili nzima. Watoto walijaza ndoo makombe. Wa kwangu na wake walirudi wakishindana nani amemwona pweza mkubwa zaidi, na ubaguzi wa mezani ukaisha bila mtu kuutaja.

Mama yule ndiye aliyetueleza pia habari ya bei. Machi hadi Mei ni masika. Hoteli nyingi za pwani hufungwa Aprili na Mei. Zisizofungwa hupunguza bei, na hupunguza watumishi. Mpishi wetu hakuwa mgonjwa, alikuwa amerudi kwao kulima hadi Juni. Angalikuwa yeye, akasema, mtu anayetaka kuogelea tu angalikwenda kaskazini, Nungwi au Kendwa, ambako maji hayaondoki namna hii.

SAA KUMI

Alasiri ile tulishuka sote, hata shemeji. Maji yalikuwa yanarudi. Hayakuja kwa kishindo. Yalijaa kwenye vidimbwi, yakaviunganisha, yakazinyanyua zile ngalawa moja baada ya nyingine, na kufikia saa kumi pale tulipokuwa tumetembea asubuhi palikuwa na buluu ile ile ya kwenye picha. Watoto walikwisha kuzama hadi shingoni kabla sijamaliza kuwakataza.

Mume wangu alibaki ukingoni kwa muda. Kisha akavua viatu, akavipanga sawasawa kama chini ya kitanda cha kambini, akaingia hadi magotini na kusimama akitazama upande wa kaskazini. Sikumsemesha. Baada ya kitambo nilikwenda kusimama karibu naye.

"Ni ya vuguvugu," akasema. "Siku zote zile nilidhani ni baridi."

Alikaa mle majini hadi magharibi. Shemeji alimfuata, na nikiwa nchi kavu niliwaona wakizungumza, mmoja akirusha maji kwa kiganja, mwingine akitikisa kichwa. Waliyosemezana ni yao. Usiku ule shemeji alikula.

Baada ya hapo tulipata alasiri moja tu nyingine ya bahari. Siku zilizobaki mvua ilinyesha kutwa, na tulicheza karata vyumbani chini ya beseni la kukingia matone. Siku ya tano mume wangu alimwendea meneja, si kwa ukali, akamwomba aturudishie usiku mbili zilizobaki. Meneja alikataa, kisha akamtazama mtoto mdogo wa wifi aliyekuwa akikohoa, akarudisha fedha za usiku mmoja wa vyumba viwili. Kwa fedha hizo tulilala mjini karibu na Darajani, tukala Forodhani jioni, na kijana wangu wa pili akapata kuzungumza na wauza samaki. Aliripoti kuwa hawakosei, ila wanasema haraka mno.

Tulipofika Muyinga, shemeji alimtafuta yule kijana. Alirudisha fedha kidogo, kwa vipande vipande, na akaapa kuwa zile 15,000 ni malipo ya kazi yake. Pengine ni kweli. Kosa lake ni kutotuambia, na letu ni kutomwuliza. Katika daftari langu la nyumbani safari ile imeandikwa kuwa ilizidi makisio kwa karibu theluthi, na fungu kubwa la ziada ni chakula na hati za kusafiria, wala si hoteli.

Wifi amekwisha kunipigia simu. Ukutani kwake Muyinga ametundika kalenda yenye picha za mwezi, na katika Julai na Agosti amezitia duara siku za maji mafu. Ameandika pembeni kwa penseli mambo ambayo safari hii atayauliza hotelini yeye mwenyewe: chakula mara ngapi kwa siku, hatua ngapi hadi majini, mpishi yupo au hayupo. Nimemwambia aongeze viatu vya mpira kwa watoto watano, na risiti. Mume wangu hasemi kitu, ila juzi nilimkuta akipima suruali fupi ya zamani mbele ya kioo.